Kidole cha Kumi na Moja

Kendi mwanangu,

Masweta umeyakunja, namba ya simu ya shangazi yako umeiandika mara mbili, na maneno ya kujichunga na jiji umeyasikia kwa kila mama wa kanisa aliyepita hapa tangu Jumapili. Sina la kuongeza huko. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kimeru ningekugombeza, nawe ungefunga masikio kama kawaida yako. Kiswahili nimezungumza na wateja miaka ishirini na miwili, na kwa lugha hiyo nimezoea kumwambia mtu jambo lisilompendeza hadi mwisho: ulifumba macho, picha haikutoka, rudi ukae tena.

Jambo lenyewe ni Mbae, na kile kisanduku chake, na kazi uliyoifanya humu studio ukiwa na miaka kumi na sita. Kesho unakwenda Nairobi kuwa mfanyakazi wake. Wiki iliyopita nilipokwambia usiende ulinijibu, "Mama, wewe unaogopa kompyuta tu." Nikanyamaza, ukadhani umenishinda. Nilinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa refu na lilianzia kwenye kosa langu, na mimi kukiri kosa mbele ya mtoto sijazoea. Kwa kalamu nitajaribu.

Habari za mwanzo wangu umezisikia kwa midomo ya watu, kwa hiyo umezisikia vibaya. Baba yako alipohamia kwa yule mwingine, mji mzima wa Embu uliendelea kuita hapa "kwa Ireri" kwa miaka tisa. Tisa, nilihesabu. Ireri hakuwahi kuosha filamu hata moja. Mimi nilitoka Kibirichia na mikono ya kuchimba viazi, nikajifunza chumba cha giza kwa kuharibu karatasi, na ile kamera kubwa ya mvukuto nikainunua kwa mzee aliyekuwa akinakili ramani, alipostaafu. Nilipoipitisha sokoni juu ya mkokoteni watu walicheka: "Mama Kendi, hiyo ni kamera au ni kinanda cha kanisa?" Siku ya kwanza nilipoingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi nikamwona mteja kwenye kioo cha nyuma amesimama kwa kichwa, miguu juu, nilidhani nimeuziwa kitu kibovu. Hakukuwa na wa kuniuliza. Nilikaa nayo juma zima hadi nikaelewa kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba ukizoea, unaona makosa zaidi mtu akiwa amepinduliwa kuliko akiwa amesimama sawa.

Watu walidhani pesa zangu zilitoka kwa maharusi. Hapana. Studio hii ilijengwa na karatasi. Barua za mashamba, kadi za ubatizo, makubaliano ya mahari, vyeti vya shule vilivyoliwa na panya pembeni. Kupiga picha ya karatasi kunataka hesabu: unavuta mvukuto hadi urefu wa lenzi na nusu yake, basi mwanga unauzidisha si mara moja na nusu, ni mara mbili na robo. Wengi hapa mjini hawakuijua hiyo robo, ndiyo maana nakala zao zilikuwa nyeusi na zangu zilisomeka. Nyuma ya kila nakala nilipiga muhuri, NAKALA HALISI, na chini yake nikaandika namba ya bahasha ya negativu. Ndugu wawili wakigombania shamba, walikuja hapa, nikavuta bahasha yenye namba ile, nikaweka negativu juu ya kioo chenye taa chini yake, wakaangalia wenyewe. Mara ngapi uliniona nikifanya hivyo? Walikuwa wakiingia na rungu na kutoka wakiwa wamenyamaza. Hata chifu alikuwa akisema, "Kama ina namba ya Mama Kendi, sitaki ushahidi mwingine."

Muhuri wa mpira kila mtu anaweza kuchongesha, na watu walilijua hilo. Walichokuwa wakiamini ni bahasha.

Basi Mbae akaja. Unakumbuka siku hiyo vizuri kuliko mimi, maana wewe ulipenda mara moja. Alikuja na katibu wa kamati ya ukoo mmoja wa kule chini Mbeere, wakati wa kugawa ardhi, na masanduku manne: kompyuta, kioo chake, betri, na kile kisanduku cha dijitali kinachokaa nyuma ya kamera mahali pa filamu. Alisema koo zina karatasi za zamani zinazooza, kazi yake ni kuzinakili kwa njia ya kisasa, na kwamba ana kila kitu isipokuwa kamera nzito ya kukishikilia kisanduku hicho bila kutikisika. "Mama Kendi," akasema, "dunia imehama. Sisi tunabeba tu vyombo."

Nami nikafurahi. Andika hilo chini kama kosa la kwanza. Miaka yote nilikuwa nikingoja mtu wa Nairobi aingie mlangoni pangu na kusema anahitaji kitu nilicho nacho. Sikujiuliza Nairobi yote imekosaje kamera ya mvukuto. Kamera ziko Nairobi. Muhuri wangu ndio haukuwako.

Lakini wacha nimpe kisanduku haki yake, maana kilikuwa kitu cha ajabu na sitaki useme mama yako alikiogopa. Kioo chake cha kuonea mwanga kilikuwa kidogo kuliko kiberiti, kimewekwa katikati ya nafasi ya filamu ya inchi nne kwa tano. Ulinisomea kitabu chake: nukta elfu mbili na arobaini na nane kwenda, na hizo hizo kushuka. Nikazidisha kwenye ubao kabla hujafungua kikokotoo: milioni nne, laki moja, elfu tisini na nne, mia tatu na nne. Mbae akacheka, "Mama ni mashine!" Nilifurahi na hapo pia. Siku mbili za kwanza kila picha ilitoka na ukungu. Kwenye kioo cha kamera ilikuwa kali kama wembe, kwenye kompyuta ikawa kama imepigwa kupitia chandarua. Yeye alilaumu lenzi yangu. Nikamwambia lenzi hiyo inahesabu kope za mtoto. Kisha nikakata ukanda wa karatasi kutoka daftari lako la hesabu, nikautia chini ya fremu ya kioo cha nyuma ya kamera, pembe zote nne, maana kisanduku kilikuwa kinakaa nyuma zaidi kuliko kioo kwa unene wa karatasi hiyo tu. Kwa filamu kubwa usingeona. Kwa kitu cha ukubwa wa kiberiti, ambacho lazima ukikuze sana, unene huo ni shimo. Picha ikawa kali. Katibu wa kamati alipofika jioni Mbae akamwambia, "Nimeirekebisha." Nimeirekebisha! Nami nimesimama pale na mkasi mkononi.

Hilo lingenitosha kumjua. Mtu anayechukua ukanda wa karatasi wako atachukua na kingine.

Halafu ile shida ya rangi. Hii ulicheka sana na nataka ubaki nayo. Kisanduku hakikuwa kinaona rangi; kilipiga mara tatu, kioo chekundu mbele ya lenzi, kisha cha kijani, kisha cha buluu, na kompyuta ikaunganisha. Toka ya kwanza hadi ya tatu, sekunde hamsini. Baadhi ya picha zilitoka sawa, nyingine nyekundu kama vumbi la barabara. Mbae alibadilisha waya, akabadilisha betri. Mimi nikakaa na saa. Kila Njeru jirani alipowasha mashine yake ya posho, stima ilishuka na taa zangu zikafifia katikati ya kazi. Nikaenda kumwona.

"Ati watu wasisage mahindi kwa sababu unapiga picha ya karatasi?" akaniuliza.

"Sekunde hamsini tu, Njeru."

"Sekunde hamsini za mtu mwenye njaa ni siku nzima, Mama Kendi."

"Basi siku yako ya harusi nitakupiga picha ukiwa mwekundu hivyo hivyo."

Akakubali. Wewe ukawa unagonga ukuta kwa mwiko mara mbili ili asimame na mara moja ili aendelee, na wanawake wa debe waliokuwa kwenye foleni wakawa wanakuita afisa wa polisi. Hizo zilikuwa siku nzuri. Sikatai. Ndiyo maana ninazitilia shaka sasa.

Siku ya nane waliileta karatasi ile. Fulskepu moja iliyogandishwa juu ya kitambaa, ya miaka ya sitini, na juu yake makubaliano ya mpaka, na chini alama za vidole gumba za wakuu wa nyumba, kwa wino wa zambarau: sita upande wa kushoto, tano upande wa kulia. Ile ya mwisho kulia ilikuwa imefifia, na juu yake palikuwa na doa la kahawia, kama asali iliyomwagika zamani. Mbae alisimama nyuma ya kiti chako. Mimi nilikuwa kwenye sinki, nikiosha trei. Nilimsikia akisema, "Injinia, toa hilo doa. Mteja anataka karatasi safi." Na ukamuuliza, nilikusikia, "Na hii alama iliyo chini yake?" Akasema, "Hiyo ni doa pia. Wino ulimwagika."

Kwenye kompyuta ulichukua kipande cha karatasi safi kutoka ukingoni, ukakipaka juu, kidogo kidogo, hata nyuzi za karatasi zikafuatana. Sijawahi kuona mkono kama huo. Mimi niliyerekebisha negativu kwa penseli miaka yote, nisingeweza. Ukaniita: "Mama, ona, limeisha!" Nikaja nikifuta mikono kwa aproni, nikaangalia, nikakwambia, "Vizuri sana."

Hukujua. Isome tena, Kendi. Hukujua. Ulikuwa mtoto, ulipewa kazi na mtu mzima mbele ya mama yako, na mama yako akasifu.

Juma lililofuata Mbae akarudi kutoka Nairobi na nakala nne zilizochapwa, akaziweka juu ya meza yangu nizipige muhuri. Nikachukua lenzi ya mkononi nikaangalia alama ya kwanza kushoto. Mistari ya kidole ilionekana. Nikaona ukanda wangu wa karatasi umefanya kazi, na kifua kikajaa. Mimi ninayehesabu mayai kabla sijatoka dukani, ninayejua bahasha ngapi ziko kwenye kila rafu, nilikagua ukali wa kidole kimoja na sikuhesabu vidole. Sita na nne. Vilikuwa kumi, mbele ya macho yangu.

Nikapiga muhuri mara nne. Na chini ya muhuri, mkono ukaandika namba iliyofuata kwenye kitabu, kama ulivyozoea: 4118. Nikachukua bahasha, nikaandika namba juu yake, nikaiweka rafuni. Ndani hamna kitu. Kisanduku hakina negativu. Nililijua hilo siku zote hizo, na bado nilitoa namba. Mbae alinitazama nikiandika. Alingoja wino ukauke, akazikusanya.

Cucu Ciarunji, bibi mmoja wa ukoo ule wa Mbeere, alikuja mwaka ule wa mvua kubwa, barabara ilipofunguka kidogo. Ulikuwa shuleni. Mjane, mwembamba, ana fimbo na kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani. Alinisalimia vizuri, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniambia mumewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kuweka kidole kwenye karatasi ya ukoo, kwa sababu alichelewa akirina asali na mikono ilikuwa inanata. Watu walicheka siku hiyo, akasema, kwamba Njiru ametia saini kwa asali. Sasa kamati imeleta nakala, na kidole cha Njiru hakipo, na mtu asiyemjua ameweka vigingi katikati ya mtama wake. Karatasi yenyewe, wanasema imeliwa na mchwa. Mchwa wa kule wana akili sana, Kendi. Katika sanduku zima la ukoo walichagua karatasi moja.

"Wameniambia nyuma ya nakala kuna namba yako," akasema. "Nimekuja uniwekee ile yenye taa nione kidole cha mzee wangu. Nikiona, nitarudi nyumbani nitulie. Wewe mwana wa Meru huna ukoo hapa. Hutampendelea mtu."

Nikasimama. Nikaenda rafuni. Nilijua nitakachokuta na bado nilikwenda, nikaitoa bahasha 4118, nikaifungua nikiwa nimempa mgongo, nikaangalia ndani kama mpumbavu. Wakati huo ndipo vile vidole vilinijia kichwani, sita na tano, na doa, na sauti yako ikisema limeisha. Sikuhitaji taa.

Nikamgeukia nikamwambia, "Cucu, pole. Hii mvua. Paa lilivuja, negativu imeharibika."

Hilo ndilo kosa. Yale mengine yote ni ujinga na majivuno, na ujinga na majivuno Mungu amevizoea. Hili nililifanya nikiwa najua. Nilihesabu haraka: muhuri wangu, bahasha tupu, mtoto wangu mwenye mtihani mwaka huo. Nikajumlisha, nikamwangusha yeye.

Hakulia. Aliinua macho akaangalia dari, polepole, kutoka pembe hadi pembe. Unajua dari yetu. Haina alama hata moja ya maji. Akasema, "Haya, mwanangu. Asante kwa kutafuta." Akaondoka.

Nimeona watu wakinitukana humu ndani, wengine wamenitupia picha usoni. Hakuna aliyeniumiza hivyo.

Baadaye nilisikia mtama ulikatwa ukiwa mbichi. Mwanawe aliyekwenda kuuliza kwa kamati alivunjwa mkono njiani, na waliomvunja hawajulikani hadi leo, ingawa ilikuwa saa nane mchana na njia ni moja. Mizinga ya marehemu iliteremshwa mitini. Yeye sasa anakaa kwa bintiye, chumba kimoja, watu saba.

Nimekaa na hayo. Ulipokuwa ukiniuliza kwa nini nimeacha kunakili karatasi, nikakwambia macho yamechoka, yalikuwa haya.

Mwezi uliopita Mbae akaja kukuomba. Ulikuwa umetoka. Alikaa pale pale kwenye benchi, miguu ameinyoosha, akasema, "Nimekuja kumchukua injinia wangu. Nina kisanduku kipya, kikubwa zaidi. Kazi ni nyingi."

Nikamwuliza kazi gani.

"Matangazo. Viatu, sabuni." Akatabasamu. "Na karatasi kidogo kidogo. Bado watu wana karatasi."

"Vijana wa kompyuta wamejaa Nairobi," nikamwambia. "Kwa nini huyu?"

"Kwa sababu ile kazi yake ya kwanza imepita ofisi tatu na hakuna jicho lililoiona." Akainuka, akapangusa suruali. "Usinitazame hivyo, Mama Kendi. Sisi tumekula sahani moja. Muhuri ni wako, mkono ni wa mtoto. Mimi nilileta mashine tu."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kufunga lango. Ukaingia wakati huo na mkate, ukamsalimia kwa furaha, naye akakupa mkono akauliza kama uko tayari. Nikasema nini mimi? Nikauliza kama atakunywa chai.

Kwa hiyo ile barua ya kazi uliyoibusu haikuandikwa kwa sababu ya cheti chako, ingawa cheti ni kizuri na nilikilipia kwa picha za pasipoti. Anataka mkono ambao tayari ameushika. Siku utakayokataa kutoa doa, atakukumbusha lile la kwanza. Atakukumbusha kwa upole. Na utakapokuwa umetoa madoa kumi, hutakuwa na haja ya kukumbushwa.

Kuna jambo jingine na nililisahau hadi juzi nilipokusaidia kufunga begi. Nilikufundisha ukiwa mdogo, usiguse negativu kwa penseli kabla hujatoa chapa moja ya ilivyokuwa. Nikaona chini ya nguo zako diski tisa zimefungwa kwa raba, na mwandiko wako wa wakati ule: KABLA, moja hadi tisa. Ndipo nikakumbuka uliniambia siku ile kwa kujisifu, "Nimeihifadhi kwanza, Mama, kama unavyofanya wewe." Picha moja, megabaiti kumi na mbili na zaidi, diski moja, moja nukta nne. Tisa. Hesabu inakubali.

Sikuzigusa. Ni zako. Sijui kama bado ziko hai. Nasikia vitu hivyo hufa vyenyewe vikiwa vimelala, na kikifa kimoja katika hivyo tisa picha nzima haifunguki. Mbae hajui kwamba ziko, maana angekuwa ameziulizia. Lakini ukizipeleka nyumbani kwake ndani ya begi lako atajua siku utakapozifungua mbele ya kompyuta yake ili umwonyeshe ulivyoanza, na wewe nakujua, utamwonyesha.

Sasa nikueleze kwa nini nimeacha kunyamaza leo. Rufaa ya Cucu Ciarunji inasikilizwa na wazee wa ardhi Alhamisi, saa tatu asubuhi, na ni ya mwisho. Baada ya hapo hati inatoka. Nimekwisha kumwambia bintiye kwamba nitakuja. Nilimwambia Ijumaa, sokoni, kwa sauti ndogo. Jumamosi aliingia hapa mwanamume nisiyemjua, akaomba picha nne za pasipoti. Alikaa sawa, hakupepesa. Nilipokuwa chini ya kitambaa akauliza, "Binti yako anasafiri Jumanne na gari la saa ngapi?" Nikatoa kichwa nikamwangalia. Akasema, "Nauliza tu. Barabara siku hizi si nzuri." Alilipa, akasema atarudi kuchukua saa kumi. Hajarudi. Nimeziosha, ni kali, uso wote unaonekana hadi kovu la nyusi, na negativu yake iko kwenye bahasha yenye namba. Nimempa Njeru nakala moja aiweke kwake, wala sijamweleza kwa nini. Hakuuliza.

Sikuandikii haya ili uogope ukakaa. Ukikaa kwa woga utanichukia ukifika thelathini, nami nitakuwa nimekupoteza nikiwa na wewe chumba cha pili. Tena sijui ni wapi penye hatari zaidi, huko kwake au hapa kwangu. Nimelipima kila upande na hesabu haitoki. Ukipanda gari la saa kumi na mbili, panda. Kazi ya viatu na sabuni ni kazi, na kile kisanduku kitaendelea kufanya kazi mimi nikiwa tayari kaburini, hilo nalijua. Kamera yangu imekwisha. Ukiamua kubaki hadi Alhamisi, diski ziko kwako na kwenye chuo cha kompyuta karibu na hospitali wana mashine ya kuzisoma. Sitakubembeleza kwa lolote kati ya hayo. Barua hii nitaiweka chini ya kikombe chako cha asubuhi.

Ila usije ukadhani una njia ya tatu, ya mimi kukuficha. Nimeifikiria wiki nzima. Alhamisi nitasimama mbele ya wazee wale na kusema muhuri ni wangu, namba niliiandika mimi, hapakuwa na negativu wakati wowote, na paa langu halijavuja tangu lilipowekwa. Hayo nimeyakariri. Kisha mwenyekiti, kama ana akili, ataniuliza swali moja linalobaki: ni nani aliyekuwa ameketi kwenye kompyuta. Katibu atanikodolea macho. Mbae, kama atakuwepo, atatabasamu, kwa sababu anaamini hapo ndipo nitakaponyamaza. Na Cucu Ciarunji atakuwa kwenye benchi la mbele.

Nilimdanganya mara moja kwa ajili yako. Sitaweza tena. Nitasema ulikuwa na miaka kumi na sita, nitasema uliuliza kuhusu ile alama ukajibiwa uongo, nitasema mimi nilisifu. Lakini nitakutaja, Kendi, majina yako yote matatu, na nimetaka ulisikie hilo kwangu kwanza.

Mamako